Kubadili Picha ya Mwenzako Bila Kumlisha Maneno

Ukiingia katika jumuiya yoyote ndogo ya wapenda michoro mtandaoni, iwe ya wachoraji wa wahusika wa katuni za Kijapani, ya watengenezaji wa wahusika wa michezo ya kompyuta, au ya watu wanaotia rangi picha za zamani, utakuta kazi nyingi zimepita katika mikono zaidi ya mmoja. Mmoja amechora mistari, mwingine ametia rangi, wa tatu amemvika mhusika kanga, wa nne amekata uso peke yake akaufanya picha yake ya wasifu. Jambo hilo lenyewe halina ubaya, na sanaa nyingi nzuri imezaliwa hivyo. Ugomvi unapozuka, karibu kila mtu hukimbilia kanuni moja aliyoikariri: taja jina la mwenye kazi. Kanuni hiyo ni nusu tu ya adabu inayotakiwa, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Ukibadili mchoro wa mtu, kisha ukaandika jina lake chini bila kusema ulichobadili, umemlisha maneno. Umewaambia watazamaji kwamba rangi ile, uso ule na kauli ile vilichaguliwa naye. Basi kabla hujafungua programu ya kuhariri, shika jambo moja: atakayeiona picha aweze kujua mkono wa kwanza uliishia wapi na mkono wa pili ulianzia wapi. Kuna hali ambazo hutahitaji ruhusa ya mtu, nami nitazieleza. Lakini ukishaamua kuwaonyesha wengine picha uliyoibadili, sioni hali hata moja inayokuondolea wajibu wa kusema kwamba imebadilishwa.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa ulitiwa saini mwaka 1886, na katika marekebisho ya Roma ya mwaka 1928 ukaongezewa kifungu kinachompa mtunzi haki mbili zinazobaki naye hata akiwa ameshauza haki zake za kifedha. Ya kwanza ni kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi. Ya pili ni kupinga kazi yake kupotoshwa, kukatwakatwa au kubadilishwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Kutaja jina kunatimiza ile ya kwanza tu, na kazi ikiwa imepotoshwa, jina lenyewe ndilo linalobeba aibu. Mwaka 1982 mahakama ya Ontario nchini Kanada ilipata nafasi ya kulipima hili kwa kesi iliyo rahisi kueleweka. Msanii Michael Snow alikuwa ametundika sanamu 60 za mabata bukini wakiruka ndani ya jengo la maduka la Eaton Centre mjini Toronto. Krismasi ilipokaribia, wenye jengo waliwafunga bukini wale utepe mwekundu shingoni. Hakuna aliyefuta jina la Snow, hakuna sanamu iliyovunjwa, na utepe ungevuliwa baada ya sikukuu. Hata hivyo Snow alishtaki, na mahakama ikaamuru utepe uondolewe. Ukiichukua hoja hiyo ukaileta kwenye picha za kidijitali haipungui uzito: nyongeza ndogo, ya muda, iliyowekwa kwa nia njema, inaweza kugeuza kauli ya kazi nzima.

Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo, na haki zote mbili zimo katika sheria zao, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Nalisisitiza hili kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma mtandaoni umeandikwa kwa kufuata sheria ya Marekani, na Marekani ilichelewa kujiunga, hadi mwaka 1989. Sheria yake ya mwaka 1990 inayowalinda wasanii wa sanaa za kuonwa inahusu kazi zilizopo katika nakala moja, au katika nakala zisizozidi 200 zilizotiwa sahihi na kupewa namba. Machapisho ya kielektroniki yameachwa nje. Ndiyo maana mijadala ya huko huishia kwenye soko. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kati ya mpiga picha Lynn Goldsmith na taasisi ya marehemu Andy Warhol, na kilichopimwa zaidi ni kwamba picha ya mwanamuziki Prince aliyoipiga Goldsmith mwaka 1981, na mchoro wa Warhol uliotokana nayo, vyote viliingia sokoni kwa kazi ile ile ya kuonyesha sura ya Prince kwenye majarida. Mahakama ilikuwa na haki ya kupima hivyo. Lakini mchoraji chipukizi wa Mwanza au Kisumu anayejifunza adabu kutokana na kesi za namna hiyo atadhani pasipo na hela hapana kosa.

Hatua yako ya kwanza, basi, ni kusoma mwenye kazi ameruhusu nini, na uyasome kama maswali mawili tofauti: naweza kuitumia? Naweza kuibadili? Watu wengi huuliza la kwanza, wakijibiwa ndiyo wanajichukulia na la pili. Mtandao wa Kijapani wa Picrew, ambako wachoraji huweka vipande vya nywele, macho na nguo ili watu wajitungie sura, umeyatenganisha vizuri: kila mchoraji huonyesha kama anaruhusu matumizi binafsi, matumizi yasiyo ya biashara, na matumizi ya biashara, kisha kando yake huonyesha kama anaruhusu picha ihaririwe. Mtu anaweza kukukubalia uiweke sura ile kwenye wasifu wako na bado akakukataza kumbadilisha rangi ya macho. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002, nazo zinafanya utengano huo. Zipo sita. Zenye herufi ND zinakuruhusu kusambaza kazi kama ilivyo tu. Katika toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, unaweza kuibadili ukiwa peke yako, lakini huruhusiwi kusambaza ulichobadili. NC inazuia biashara. SA inakudai uitoe kazi yako mpya kwa leseni ile ile uliyoikuta. Na zote sita zina BY, ambayo watu huisoma kama amri ya kutaja jina, wakaishia hapo, ilhali toleo la 4.0 linadai pia useme kama umebadili kitu. Ndani ya toleo hilo kuna sharti jingine linalosomwa na wachache: mwenye kazi akikuomba uondoe jina lake, unapaswa kuliondoa kadiri inavyowezekana. Fikiri kwa nini sharti hilo liwekwe katika leseni ambayo nguzo yake ni kutaja jina. Waandishi wake walijua kwamba kuna siku mtu ataona picha imebeba jina lake pamoja na maneno asiyoyasema, na siku hiyo jina litakuwa mzigo.

Usipokuta leseni wala maelezo yoyote, chukulia kwamba hujaruhusiwa. Kuiweka kazi hadharani ni kuwaruhusu watu waitazame. Tafuta kwanza kwenye ukurasa wa mchoraji mwenyewe, maana wengi huandika masharti yao hapo. Wachoraji wa Kijapani hasa, kwenye mitandao kama pixiv, huandika wazi kwamba hawataki kazi zao zipakiwe upya na watu wengine, na mtafsiri wa bure wa mtandaoni atakutolea maana yake kwa sekunde chache. Masharti yakikosekana, omba. Ombi zuri linasema kazi ipi, utabadili nini, utaiweka wapi, na linamwachia mwenyewe nafasi ya kukataa. Unaweza kuandika hivi: «Habari za kazi, kaka. Nimeupenda mchoro wako wa jahazi. Naomba ruhusa nibadili anga iwe ya usiku na niondoe watu walio sitahani, niutumie juu ya ukurasa wa kikundi chetu cha mashairi. Siuzi. Nitaandika jina lako, kiungo cha mchoro wa asili, na yale niliyobadili. Nikimaliza nitakutumia uone kwanza, usipopenda sitauweka.» Ombi la namna hii linachukua dakika mbili kuandika, na kwa mchoraji ni tofauti na «naomba kutumia picha yako» kama mchana na usiku, kwa sababu sasa anajua anakubali nini.

Asipojibu je? Hapa ndipo watu wema wengi huteleza. Wanasema: nimeuliza, nimengoja, amenyamaza, basi ameridhia. Katika posa za kwetu kimya cha bibi harusi huweza kuhesabiwa kuwa ridhaa, lakini ni kwa sababu aliyeulizwa yupo, amesikia, na waliomwuliza wanamjua kiasi cha kusoma kimya chake. Kimya cha ujumbe wa mtandaoni hakina hata moja ya hayo. Pengine akaunti ameiacha, pengine ujumbe umeangukia kwenye kapu la wasiojulikana, pengine ameusoma na hana nguvu ya kubishana na mgeni. Kama kazi haina leseni na mwenyewe hajibu, ibadili kwa ajili yako ukipenda, jifunze kwayo, lakini usiisambaze. Chora yako ukiitazama ile kama mfano, kisha useme umeitazama. Michoro yenye leseni huru iko kwa mamilioni. Ni nadra sana mradi kukwama kwa kukosa picha moja hiyo tu.

Ukishapata ruhusa, kazi iliyobaki ni ya uandishi, na hapa kuna jumuiya mbili za kuigwa. Ya kwanza ni Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayozilisha Wikipedia zote, ikiwamo ya Kiswahili. Humo picha nyingi zinaruhusiwa kubadilishwa. Leseni zinazokataza mabadiliko au biashara hazipokelewi kabisa. Kwa mtazamo wa kisheria basi ungetarajia kila mtu abadili atakavyo. Lakini jumuiya yenyewe imejiwekea kanuni kali kuliko leseni: marekebisho madogo yasiyo na ubishi, kama kupunguza ukingo mtupu, yanaweza kupakiwa juu ya faili lililopo, lakini mabadiliko makubwa lazima yawe faili jipya lenye jina jipya, likieleza limetokana na lipi. Matoleo ya awali hubaki kwenye historia ya faili, na kuna kigezo maalumu cha kutangaza kwamba picha imehaririwa na kwa namna gani. Sababu ni kwamba picha moja ya hapo inaweza kuwa inatumika katika kurasa za lugha nyingi. Ukiibadili palepale ilipo umebadili maneno ya waandishi wote walioichagua, bila wao kujua. Chukua kanuni hiyo popote uendapo. Picha ya mwenzako iache isimame ilivyo, yako iweke pembeni yake.

Jumuiya ya pili ni ya watengenezaji wa michezo ya kompyuta waliokusanyika OpenGameArt. Mwaka 2012 mtandao huo, pamoja na Creative Commons, Mozilla na Free Software Foundation, waliandaa shindano la Liberated Pixel Cup, ambalo michoro yake ilitolewa kwa leseni za CC BY-SA na GPL. Wahusika wake hujengwa kwa tabaka: mwili umechorwa na huyu, nywele na yule, joho na mwingine, na kwa miaka yote iliyofuata watu wameendelea kuongeza vipande. Mhusika mmoja mdogo wa pikseli 64 kwa 64 anaweza kuwa kazi ya watu kadhaa. Ingekuwa rahisi kusema haiwezekani kuwataja wote. Badala yake walitengeneza programu ya kumjenga mhusika ambayo, ukimaliza kuchagua vipande, inakutolea pia orodha ya waliochora kila tabaka na leseni zake. Anayesema orodha ya majina ni ndefu mno aitazame kazi hiyo.

Wewe huhitaji programu. Unahitaji mistari miwili. Wa kwanza utaje jina analolitumia mchoraji mwenyewe, jina la kazi, kiungo cha mahali alipoiweka yeye (si ulipoiokota wewe), na leseni au tamko kwamba amekuruhusu. Wa pili utaje ulichokifanya: «Nimekata upande wa kushoto, nimebadili gauni kutoka nyekundu kuwa kijani, nimeongeza maandishi.» Taja vitendo. Usiandike kwamba umeiboresha, umeirekebisha au umeisafisha, kwa kuwa hizo ni hukumu juu ya kazi ya mwenzako, na hazimwambii mtazamaji chochote. Mistari hiyo ikae pamoja na picha, isizikwe kwenye maoni. Huku kwetu picha nyingi husafiri kwa WhatsApp, na humo maelezo ya chini huweza kupotea picha ikirushwa mara ya pili au ya tatu. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili nazo mara nyingi huondolewa. Kwa picha itakayosafiri hivyo, andika majina kwenye ukingo wa picha yenyewe kwa herufi ndogo zinazosomeka. Ukitengeneza stika, tumia nafasi ya jina la pakiti na la mtengenezaji. Stika yenyewe haina mahali pengine pa kusema ukweli.

Kuhusu mabadiliko madogo, watu hudanganyika kwa ukubwa. Mchoro wa pikseli 32 kwa 32 una pikseli 1,024 tu, na katika sanaa hiyo kila moja imewekwa kwa kuamua. Ukihamisha pikseli mbili za mdomo, mhusika aliyekuwa na huzuni anacheka. Kipimo cha badiliko kiwe maana iliyohama, na wala si eneo lililoguswa. Kwa kipimo hicho kupunguza ukingo mtupu ni badiliko dogo, na kukata picha ili sahihi ya mchoraji isionekane ni kubwa, hata kama umeondoa sentimita moja. Ikiwa ukataji wako lazima uguse sahihi, rudisha jina kwa maandishi, na usiweke sahihi yako pale ilipokuwa yake. Kung'arisha rangi ya ngozi ya mhusika ni badiliko kubwa sana. Mchoraji aliyempaka msichana wake weusi wa kahawa iliyoiva alikuwa anasema jambo kuhusu nani anastahili kuchorwa mzuri, na anayekuja na kichujio «kuweka mwanga» anamfuta huyo msichana na kumwachia mchoraji lawama. Kumvua mhusika nguo, au kumtia katika tendo la ngono, usikufanye kabisa bila mchoraji kukuruhusu kwa maneno, na mhusika akiwa mtoto hakuna ruhusa inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Siku hizi kuna jambo jingine, la kuchukua mchoro wa mtu usiokamilika na kuupitisha kwenye programu ya akili mnemba ili «umalizike». Wanaofanya hivyo mara nyingi hawana nia mbaya. Tatizo ni kwamba programu hizo hazigusi tu pale ulipotaka. Mara nyingi huichora picha yote upya, ikiwa inafanana na ya awali. Kwa hiyo hata ukitaka kuandika mstari wa pili kwa uaminifu, huwezi, kwa kuwa wewe mwenyewe hujui kilichobadilika ni kipi. Kazi ambayo mikono yake haiwezi tena kutenganishwa isifanywe isipokuwa mwenyewe amekubali waziwazi jambo hilo hilo, likitajwa kwa jina. Na usiseme hujui wachoraji wanalionaje. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa Glaze, programu inayobadili picha kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni kwa urahisi, ili kuvuruga mashine zinazojifunza kuiga mtindo wa mchoraji. Mtu anayekaa kuikinga kazi yake hivyo kabla ya kuipakia ameshajibu swali lako.

Jumuiya za wanaojifunza zina desturi moja ambayo mgeni huielewa vibaya. Kwa wachoraji wa pikseli na wa maumbo ya mwili, njia bora ya kukosoa mara nyingi ni kuchora juu ya kazi ya mwenzako: unamwonyesha kwamba bega limepanda mno, au kwamba kivuli kimeanguka upande usio wake. Naiheshimu desturi hii. Mstari mmoja mwekundu uliowekwa mahali pake unafundisha kuliko aya tatu. Lakini inategemea aliyeonyesha kazi aliomba nini. Anayesema «nimemaliza, ona» hajaomba. Anayesema «nimekwama mkono» ameomba mkono tu, si uso. Ukiwa na shaka uliza: «Naweza kuchora juu ya picha yako nikuonyeshe?» Tumia rangi isiyokuwemo kwenye kazi yake ili mstari wako usijifanye wake, uliache jaribio lako palepale mlipokuwa mnazungumza, na usilipeleke kwenye ukurasa wako kama kielelezo cha ufundi wako. Akitaka ulifute, lifute bila kudai asante.

Sasa pingamizi. La kwanza, na ndilo linalosemwa zaidi, ni kwamba hakuna hela inayoingia. Matt Furie, mchoraji wa Marekani, alimchora chura Pepe katika vibonzo vyake vya Boy's Club mwaka 2005. Watu wakambadili kwa miaka, wengi wao bila kupata senti: huyu akamwekea machozi, yule akamvalisha sare. Kufikia Septemba 2016 taasisi ya Anti-Defamation League ilikuwa imemwingiza Pepe kwenye orodha yake ya alama za chuki, kwa sababu ya picha zilizobadilishwa na wabaguzi, huku ikieleza kwamba hakuzaliwa hivyo. Furie akalazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2019 kampuni ya Infowars ilikubali kumlipa dola 15,000 kwa bango moja lililomtumia chura huyo. Fedha hizo hazikumrudishia mhusika aliyemchora. Wengi wa waliombadilisha hawakumwibia Furie pesa; walichomchukulia ni uwezo wa kusema Pepe ni nani.

La pili ni kwamba sanaa yote huazima, na hapa watu wa Afrika Mashariki wanao mfano wa nyumbani. Edward Said Tingatinga alianza kuchora kwa mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafa mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaurithi mtindo, wakaufundisha wengine, mpaka chui yule yule, ndege wale wale na miti ile ile vikachorwa na mikono isiyo na idadi. Hilo ni jambo jema, nami nisingependa sheria au adabu yoyote ilizuie. Lakini angalia kinachofanyika: mrithi huchukua ubao au kitambaa kitupu, akachora chui wake, akaweka jina lake. Mtindo ni wa wote. Hamchukui chui wa mwenzake aliyekwisha kuchorwa, akambadilisha mkia na kuiacha sahihi ya mwenzake pale pale. Azima mtindo upendavyo. Mwongozo huu unahusu chui yule mmoja wa mtu yule mmoja.

La tatu lina uzito kuliko yote: kejeli. Ukitaka kumkosoa mtu mwenye nguvu kwa kubadili picha aliyoipenda, kumwomba ruhusa ni kuua ukosoaji wenyewe. Nakubali. Katika hali hiyo ruhusa inaanguka. Ila ukweli juu ya mikono hauanguki, na katuni za magazetini zinaonyesha sababu. Mtu hufuta maneno yaliyomo kwenye puto la mazungumzo, akaandika yake, na sahihi ya mchora katuni ikabaki kona ile ile. Aliyepachika maneno hajulikani. Aliyetia sahihi anajulikana mpaka ofisini kwake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zilitungwa zikiwa na vifungu vya kuadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Mchora katuni hapaswi kuhojiwa kwa sentensi ambayo hakuiandika. Kama una jambo la kusema kwa mtawala, lichore mwenyewe, au ubadili kisha uandike juu ya picha kwamba maneno ni yako na si ya mchoraji. Usimtumie mwenzako kama ngao.

La nne ni la kazi za kale zisizo na mwenyewe tena. Kweli, hakimiliki ikiisha ruhusa haihitajiki, na wanaotia rangi picha za karne iliyopita hufanya kazi ya thamani. Mwezi Aprili 2021 gazeti la mtandaoni la Vice lilichapisha picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, ambao utawala wa Khmer Rouge uliwapiga picha kabla ya kuwaua. Ikagundulika kwamba haikuwa rangi peke yake: baadhi ya nyuso zilikuwa zimebadilishwa zikaonekana zikitabasamu. Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ilitaka ziondolewe, jamaa za wahanga wakapaza sauti, na gazeti likaziondoa. Hakukuwa na mchoraji aliyedhulumiwa hapo. Aliyepiga picha zile alikuwa mtumishi wa wauaji. Waliolishwa maneno ni wale waliopigwa picha, walioambiwa watabasamu miaka zaidi ya 40 baada ya kufa. Ukitia rangi picha ya kale, iweke sambamba na ile ya asili, useme ni rangi zipi umezikisia, na usiguse uso.

Wapo watakaosema masharti yote haya yanaifunga sanaa ya ujasiri. Mwaka 1953 Robert Rauschenberg, kijana bado, alimwendea Willem de Kooning, mchoraji aliyekuwa katika kilele cha sifa zake New York, akamwomba mchoro ili aufute. De Kooning hakulifurahia wazo hilo lakini alilielewa, na kwa makusudi akampa mchoro ambao angeona uchungu kuupoteza. Rauschenberg alisugua kwa wiki kadhaa. Karatasi iliyobaki, ambayo leo iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la San Francisco, imewekewa kibandiko chenye jina la Rauschenberg, mwaka, na kichwa kinachosema ulikuwa mchoro wa de Kooning na kwamba umefutwa. Sijui badiliko lolote la picha lililo kali kuliko hilo, na liliombwa, likatajwa, likaelezwa.

Ukija kugundua kwamba ulibadili na kusambaza picha bila kufuata haya, rekebisha mahali pale pale ulipoiweka, kwa maneno yanayoonekana kama ilivyoonekana picha. Leseni za Creative Commons za toleo la 4.0 zinakupa siku 30 tangu ulipogundua kosa. Ukilirekebisha ndani ya muda huo haki yako ya kutumia kazi hurejea yenyewe. Kwa kazi zisizo na leseni hakuna muda wa namna hiyo: mwenyewe akisema iondoe, iondoe siku hiyo hiyo, umwambie umeiondoa wapi na wapi, na uwaombe uliowatumia wasiendelee kuirusha. Usimtake akuthibitishie kwanza kwamba ameumia.

Na kama nawe unachora, usiwaachie watu kazi ya kukisia. Andika masharti yako mwanzoni mwa ukurasa wako, kwa Kiswahili na kwa lugha ya jumuiya unayoshiriki, ukijibu maswali manne: naweza kuitumia, naweza kuibadili, naweza kuiuza, naweza kuipitisha kwenye akili mnemba? Weka pia mahali pa kukuomba panapofanya kazi, na uondoe anwani uliyoacha kuifungua. Hifadhi mafaili yako ya awali yenye tabaka zote, maana siku ya ubishi hayo ndiyo yatakayoonyesha mkono wako uliishia wapi.